Kaka yangu kakutwa na saratani ya korodani. Je, inarithiwa? Na mimi nimo?

#1 Nzagamba (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Kaka yangu, tumbo moja baba mmoja, ana miaka 31, yuko Minnesota anaendesha malori. Juzi kati akiwa anaoga akagusa korodani ya kushoto akakuta kitu kigumu upande wa nyuma, kidogo kama punje ya njugu mawe, hakiumi hata ukikibonyeza. Akajua ni kukalia kiti cha lori kutwa nzima. Mkewe ndiye aliyemkalia kooni mpaka akaenda hospitali. Altrasaundi, damu, na kabla wiki haijaisha wakaitoa korodani nzima. Tena wamepasua juu kwenye kinena, mfuko wenyewe hawakuugusa. Majibu: seminoma, ni aina mojawapo ya saratani ya korodani, hatua ya kwanza. Anaendelea vizuri, kashaanza kulalamikia chakula cha hospitali.

Kilichonileta ni hiki. Daktari alimuuliza kama ana ndugu wa kiume, akasema ninaye mmoja, akaambiwa "mwambie naye ajikague". Nimeongea na mzee, anasema kwenye ukoo wetu ugonjwa huo haupo na haujawahi kuwepo, tusiuite. Mama kanyamaza. Mimi nina miaka 27, sijaoa. Huu ugonjwa unarithiwa? Kuna kipimo cha vinasaba naweza kufanya hapa Dar nijue moja? Wenye ujuzi karibuni, wenye utani najua mtakuja tu.

#2 Shemeji wa Taifa
Pole kwa bro. Ngoja waje wataalamu, nimekaa paleee na karanga zangu. Na mkono mmoja najikagua.

#3 Kambale Mkavu
Pole mkuu. Ila tuseme ukweli, huo ni ugonjwa wa wazungu. Nimeishi Kariakoo maisha yangu yote, nimezika watu wa tezi dume, wa ini, wa koo, sijawahi kuzika mtu wa korodani. Kaka yako kaubeba huko huko. Makuku ya kudungwa sindano, maziwa ya ajabu ajabu. Siyo damu hiyo, ni mazingira. Wewe kula dona yako ulale.

#4 Mwana wa Ukerewe
@Kambale Mkavu ugonjwa wa wazungu wapi? Sébastien Haller wa Ivory Coast si alikutwa nao Julai 2022, hata hajacheza mechi ya ligi Dortmund? Yule ni mzungu?

#5 Kambale Mkavu
Baba yake Mfaransa, kazaliwa na kukulia Ufaransa. Asante kwa kunisaidia hoja.

#6 Tabibu wa Zamu
Pole Nzagamba, na shemeji yako mpe heshima zake, huyo ndiye kamuokoa mumewe.

Swali lako kwanza. Ndiyo, urithi upo, na kwenye saratani hii una nguvu kuliko kwenye saratani nyingi tulizozizoea. Tafiti za mapacha na familia za Skandinavia zinaweka mchango wa vinasaba kwenye asilimia 37 mpaka karibu nusu. Mtu ambaye kaka yake ameugua, hatari yake ni mara 8 hadi 10 ya mtu wa kawaida. Ambaye baba yake aliugua, mara 4 hadi 6 hivi.

Usikimbie lakini. Mara nane ya kitu kidogo bado ni kidogo. Marekani ni mwanaume mmoja katika kila 250 hivi atakayeugua maisha yake yote. Zidisha kwa nane, unapata kama watatu katika mia. Wale 97 wengine nao wana kaka aliyeugua na wao wala. Na hiyo ni hesabu ya kule, sisi huku tunaanzia chini zaidi.

Kipimo: hakuna. Saratani ya matiti ina BRCA, jeni moja ikiharibika hatari inaruka juu, unapima na unajua. Huku hakuna jeni kubwa ya namna hiyo. Mwaka 2009 makundi mawili, moja London na moja Pennsylvania, yaligundua maeneo ya kwanza kwenye vinasaba yanayohusika, jeni KITLG na SPRY4. Kufikia 2021 orodha ilikuwa maeneo 78. Kila moja linasukuma kidogo, na kila mmoja wetu amebeba kadhaa. 2019 ikaongezwa CHEK2, hiyo ina nguvu ya kati, na walionayo ni wachache. Kwa hiyo ukiingia maabara ukaambiwa kuna "kipimo cha urithi wa korodani" kwa laki kadhaa, toka mbio.

Na mzee asilaumiwe. Wagonjwa wenye ndugu aliyewahi kuugua ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya wagonjwa wote. Wengi wanaougua wanasema hivyo hivyo, kwetu haupo.

#7 Nzagamba
Tabibu ubarikiwe. Watatu katika mia, sawa, hapo nimeshusha pumzi. Ila sasa kama inarithiwa na ukoo hauna, kaka kairithi wapi?

#8 Mwalimu wa Jioni
Kwa mama. Tena jibu liko kwenye namba za Tabibu mwenyewe.

Kaka kwa kaka mara 8 hadi 10, baba kwa mwana mara 4 hadi 6. Kwa nini kaka amzidi mwana? Baba na mwanawe wanachangia nusu ya vinasaba. Ndugu wa tumbo moja nao kwa wastani nusu. Ungekuwa urithi wa kawaida namba zingelingana. Ila kwenye kromosomu za jinsia, X na Y, mwanaume X yake anaipata kwa mama tu, baba anampa Y. Kitu kikikaa kwenye X, ndugu wawili wanaweza kukipata kwa mama na baba yao akawa hahusiki kabisa. Mzee anachungulia kwa baba zake wadogo hakuti kitu. Aulize wajomba.

#9 Shemeji wa Taifa
Mama kanyamaza. Nasema tu. 🙊

#10 Tabibu wa Zamu
@Mwalimu wa Jioni hoja nzuri na wakubwa waliifuata. Mwaka 2000 walitangaza eneo kwenye X, Xq27, dunia ikapiga makofi. Walipokusanya familia nyingi zaidi, kwenye ripoti ya 2006, ishara ile ikafifia. Leo huwezi kuisimamia.

Tofauti ya kaka na mwana ina maelezo mengine. Huenda kuna vinasaba vinavyohitaji nakala mbili, moja ya baba moja ya mama, ndiyo vifanye kazi. Hivyo hujitokeza kwa ndugu kuliko kwa mzazi na mwana. Huenda ni tumbo, kwamba ndugu walikaa tumbo la mama mmoja na mwana hakukaa. Na kuna jambo watu hulisahau: wanaume wenye ugonjwa huu mara nyingi wana shida ya uzazi hata kabla ya kugundulika, na kabla ya dawa ya tibakemia ya sisplatini kuanza miaka ya 1970 ukisambaa ulikuwa unaua vijana ambao hata hawajazaa. Akina baba wa kuhesabu walikuwa wachache.

#11 Mwalimu wa Jioni
Kufifia siyo kufa. Na kwenye yale maeneo 78 X imo, au haimo?

#12 Tabibu wa Zamu
Imo, kwa mchango mdogo kama wenzake. Na hata Y, nje ya orodha hiyo, ina lake! Mwaka 2005 walionesha kwamba wenye upungufu wa kipande fulani kwenye Y, wanakiita gr/gr, hatari yao ni kama mara mbili, na wakiwa na ndugu mgonjwa mara tatu. Hiyo ya baba tupu. Sasa utaniambia mzee naye aanze kunyamaza?

#13 Mtoto wa Lubumbashi
Bandugu, tusimuongee Haller hapa. Ule mutu alitoka kwa ugonjwa, akakuja kutufunga siye Wakongo kwa nusu fainali ya AFCON Abidjan, moja kwa bure, halafu akafunga Nigeria kwa fainali akabeba kombe. Korodani moja ilitosha.

#14 Mwana wa Ukerewe
😂😂 Nyie angalau nusu fainali mlifika. Sisi tulienda kupiga picha.

Operesheni moja tu jamaa karudi uwanjani. Mwanaume.

#15 Fundi Viungo
Mbili siyo moja. Alipasuliwa mara mbili na katikati akapigwa mizunguko ya tibakemia. Bao lake la kwanza la ligi alifunga dhidi ya Freiburg tarehe 4 Februari 2023, na tarehe hiyo ni Siku ya Saratani Duniani, wala hawakupanga. Na mwaka ule ule Ujerumani walipatikana wachezaji wanne ndani ya miezi michache: Baumgartl wa Union Berlin, Richter na Boëtius wa Hertha, na yeye Haller. Watu wakaanza kusema ni nyasi, ni dawa, ni chanjo.

#16 Tabibu wa Zamu
Ni umri. Huu ndio ugonjwa wa saratani unaoongoza kwa vijana wa Ulaya wa miaka 15 hadi 35 hivi, na mpira unachezwa na nani? Halafu wale wanapimwa kila mara, kibaya hakikai kimya.

#17 Mbeya hadi Bergen
Nipo Norway miaka mingi, niwape ya huku. Kambale anasema mazingira na hajakosea njia, kaipita tu nyumba. Norway na Denmark ndio vinara wa dunia, wagonjwa kama 10 au zaidi kwa kila wanaume laki moja kwa mwaka. Kwetu Afrika Mashariki wanaoandikwa hawafiki hata mmoja. Lakini Finland, hapo jirani tu, wako chini ya Denmark mbali. Rangi ile ile, baridi ile ile.

Wafini waliohamia Sweden wakiwa watu wazima walibaki na hatari yao ya Kifini. Watoto wao waliozaliwa Sweden wakafanana na Waswidi. Vinasaba vimebadilika kwenye meli?

Kingine: wanaume wa Denmark na Norway waliozaliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, nchi imekaliwa na Wajerumani na chakula cha mgao, waliugua kidogo kuliko waliozaliwa kabla na baada yao. Ugonjwa wenyewe umeongezeka sana toka enzi hizo, na vinasaba havibadiliki ndani ya vizazi viwili. Wadenmark, hasa Profesa Skakkebæk, wanasema mbegu ya ugonjwa inapandwa mtoto akiwa tumboni. Yeye ndiye aliyeona mwaka 1972 seli za ajabu ndani ya korodani za wanaume waliokuja kwa shida ya uzazi, na baadaye zikawa saratani. Zinafanana na seli za mimba changa ambazo hazikukua. Zinalala mpaka mtu abalehe, homoni zinaziamsha.

#18 Kambale Mkavu
Si nilisema? Mazingira. Uzi ufungwe.

#19 Mbeya hadi Bergen
Ulisema kuku. Kuku tumboni mwa mama miaka thelathini iliyopita, hapo Mbagala, wangekuwa wa kienyeji.

#20 Lab ya Uchochoroni
Ngojeni niwachanganye zaidi, maana hapa kuna mazingira na damu vimelala kitanda kimoja.

Hiyo KITLG ya Tabibu kazi yake ni kutuma ujumbe. Kijusi kikiwa na wiki chache, seli zitakazokuwa mbegu za uzazi zinazaliwa mbali na korodani na lazima zisafiri. KITLG ndiyo inayoziita na kuziweka hai njiani. Ujumbe huo huo unatumiwa na seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Mwaka 2013 watafiti wakapendekeza kwamba tofauti ndogo kwenye jeni hiyo inaisaidia ngozi nyeupe kujilinda na jua, kuwa ya kahawia badala ya kuungua. Kwa watu waliopoteza weusi wao ni faida, ikaenea sana Ulaya. Bei yake inalipwa chini: seli za korodani zilizoharibika zinapata ujumbe wa kuishi wakati zilitakiwa zife. Waafrika wenye tofauti hiyo ni wachache kuliko Wazungu. Na katika saratani zote zilizochunguzwa kwa njia ya kupekua vinasaba vyote, KITLG ni kati ya zenye nguvu kubwa zaidi, nakala moja inakupandisha kama mara mbili na nusu.

#21 Shemeji wa Taifa
Kwa hiyo weusi wangu ni bima ya korodani. Kuna mtu alinikataa 2014 kwa ajili ya huu weusi, naomba asome hapa.

#22 Mbeya hadi Bergen
@Lab ya Uchochoroni inapendeza. Ila Wamaori wa New Zealand wanaugua kuliko hata Wazungu wa nchi ile ile. Hao ngozi yao utaielezaje?

#23 Lab ya Uchochoroni
Sijasema jeni moja inamaliza kesi. Nimesema moja kubwa inajulikana. Wamaori watakuwa na zao.

#24 Bint Pangani
Samahani nawaingilia wanaume. Mnasema kwetu haupo. Mimi nimefanya kazi wodi ya upasuaji mkoa wa pwani, na nawaambia kwetu hauonekani. Mwanaume wa Tanga akivimba kule chini, kwanza anaambiwa ni busha, amekunywa madafu mengi. Pili ni ngiri, aende kwa mzee wa mizizi. Tatu ni aibu, avae kanzu pana. Busha ni mbu na minyoo ya matende, madafu hayana kosa, na busha ni maji. Ukimulika kwa tochi gizani mwanga unapita. Uvimbe mgumu haupitishi mwanga. Wangapi wanamulika? Nimeona tunajiandaa kutoa maji, daktari anafungua anakuta nyama. Daftari la saratani halimjui yule aliyefia kwa mganga.

#25 Tabibu wa Zamu
Bint Pangani umesema neno. Nami nakubali wengi wanapotea. Ila kuna kipimo kimoja cha hoja yako: Marekani weusi na weupe wanaandikwa kwenye daftari moja, na bado weupe wanaugua mara nne hadi tano ya weusi. Huko hakuna madafu.

#26 Bint Pangani
Na bima je, weusi na weupe wanazo sawa? Na wakigundulika, nani anagundulika umeshasambaa? Tusiongee kama vile daftari la Marekani limeshuka mbinguni.

#27 Nabii wa Ghetto
Mmeongea sayansi mpaka basi. Mwanzoni kabisa baba alisema TUSIUITE. Wazee wanajua. Kuna mambo ya koo, kuna maagano. Mleta uzi njoo PM.

#28 Mwana wa Ukerewe
Na sadaka ya mbegu ni shilingi ngapi, mtumishi?

#29 Shemeji wa Taifa
Sadaka ya MBEGU 😂😂😂 jamani uzi huu utafungwa.

#30 Kaka wa Mvita
Huwa nasoma tu humu siandiki. Leo niandike, maana mimi ni mmoja wao.

Nilikuwa na miaka 24, Mombasa. Upande wa kulia ukawa mzito, nikisimama nahisi kama kuna kitu kinanivuta chini. Hospitali ya kwanza niliandikiwa dawa za maambukizi, nikamaliza, nikarudi, nikaandikiwa zile zile. Aliyeniangalia hakunishika hata siku moja, aliandika huku ananiuliza. Nikaenda kwa fundi nikachanjwa kinena. Kufikia wakati naumwa mgongo silali, kumbe umepanda kwenye matezi ya tumbo nyuma huko. Nikatolewa korodani, nikapewa dripu za dawa tatu: bleomisini, etoposaidi, sisplatini. Nilitapika mpaka nikaogopa harufu ya sabuni ya wodi. Masikio yananililia mpaka leo, usiku ndiyo zaidi. Lakini nipo, na nimezeeka kidogo.

Sisi wanaume watano kwetu. Nikiwaambia ndugu zangu wajiangalie wanacheka. Hakuna mwingine aliyeugua. Kwa hiyo urithi siukatai, ila kwetu umenichagua peke yangu.

#31 Nzagamba
Dah, Kaka wa Mvita shukrani sana. Naomba kuuliza bila kukuvunjia heshima, uzazi vipi? Kaka hana mtoto bado.

#32 Kaka wa Mvita
Niliambiwa niweke mbegu kabla ya dripu, pesa ikawa hakuna. Nina binti, kaja mwenyewe baadaye sana tulipokwisha kata tamaa. Kaka yako kama hajaanza dawa na yuko huko Marekani, na aulize leo leo. Mambo mengine yako vile vile, Shemeji wa Taifa usiulize.

#33 Shemeji wa Taifa
Sijauliza kitu mimi. Ila nimefurahi kwa niaba ya taifa.

#34 Kichwa Ngumu
Niliwahi kusikia mwanaume akikojolea kipimo cha mimba kikasoma mistari miwili basi ana saratani ya korodani. Si tununue vya buku tujipime wote humu?

#35 Tabibu wa Zamu
Ni kweli na siyo njia ya kujipimia. Baadhi ya uvimbe huu hutoa hCG, homoni ile ile ya mimba, ndiyo maana hospitali huipima kwenye damu pamoja na viashiria vingine viwili, AFP na LDH. Wengi uvimbe wao hautoi. Mstari mmoja utakudanganya ukalale.

#36 Fundi Viungo
Na kujikagua kwenyewe? Maana Wamarekani wana jopo lao la huduma za kinga, USPSTF, toka 2011 linasema mwanaume asiye na dalili asijikague wala asikaguliwe kama utaratibu. Linasema ugonjwa ni wa nadra, matibabu yanaponya hata ukichelewa kidogo, na hofu na operesheni za bure zinazidi faida. Daktari wa kaka anasema ajikague. Nani mkweli?

#37 Tabibu wa Zamu
Jopo linaongea na mtu wa kawaida. Nzagamba siyo mtu wa kawaida, kaka yake kaugua. Mara moja kwa mwezi, baada ya maji ya moto ngozi ikiwa imelegea, viringisha moja moja kati ya dole gumba na vidole. Kule nyuma utakuta kamrija laini, hiyo ni yako ya siku zote, usipige kelele. Unachotafuta ni kigumu kwenye korodani yenyewe, au moja kubadilika ukubwa au uzito.

#38 Bint Pangani
Na "matibabu yanaponya hata ukichelewa" iandikwe Minnesota. Muulizeni Kaka wa Mvita.

#39 Mrs Kibiriti
Habari zenu. Mwanangu ana miezi tisa, korodani moja haijashuka. Kliniki nesi kasema itashuka yenyewe. Uzi huu umenitoa jasho. Inahusiana?

#40 Tabibu wa Zamu
Inahusiana sana dada. Korodani isiyoshuka ni kihatarishi kinachojulikana kuliko vyote. Ikivuka miezi sita bila kushuka kwa kawaida haishuki tena, mpeleke kwa daktari wa upasuaji wa watoto, ishushwe kabla ya mwaka mmoja na nusu. Sweden waliwafuatilia wanaume karibu 17,000 waliofanyiwa: walioshushwa kabla ya miaka 13 hatari ilikuwa mara 2 na ushee ya wengine, baada ya hapo mara 5 na zaidi. Hata huyo aliyefanyiwa mapema bado nafasi ya kuugua ni ndogo. Usilie.

#41 Mrs Kibiriti
Asante sana daktari. Jumatatu niko mlangoni.

#42 Nzagamba
Wakuu mrejesho, na mambo yamepinduka. Baada ya post 39 nilimpigia mama, nikamsomea. Kanyamaza, halafu akaniambia: kaka yako alizaliwa hivyo hivyo. Alishushwa akiwa darasa la sita, hospitali ya misheni, sisi wadogo tukaambiwa kapasuliwa ngiri. Mzee hakutaka isemwe. Yangu mama anasema zilikuwa mahali pake toka siku ya kwanza.

Kwa hiyo siyo urithi, ni ile korodani? Mimi nimetoka?

#43 Kambale Mkavu
Umetoka. Nenda kale.

#44 Fundi Viungo
Subiri. Iliyoshushwa ilikuwa ipi?

#45 Nzagamba
Mama ana uhakika ni ya kulia. Kovu la kaka liko kulia.

#46 Fundi Viungo
Na saratani umesema kushoto.

#47 Shemeji wa Taifa
Karanga zimeisha naagiza nyingine.

#48 Mbeya hadi Bergen
Hapo ndipo Wadenmark wanapopendea kuanzia! Hatari kubwa iko kwenye ile isiyoshuka, lakini hata mwenzake aliyeshuka salama hatari yake hupanda kidogo. Maana yake tatizo halikuwa joto la kukaa tumboni peke yake, kuna kitu kilikuwa hakijakaa sawa kwenye korodani zote mbili toka kwenye mimba. Kutoshuka, mbegu hafifu na saratani vinaweza kuwa matawi ya shina moja. Tumbo, siyo damu.

#49 Lab ya Uchochoroni
Na shina hilo nani kalipanda? Kutoshuka kwenyewe kunaonekana kurudiarudia kwenye familia. Umezunguka umerudi kwangu.

#50 Mwalimu wa Jioni
Kwa mama, kwa vyovyote vile. Ukisema tumbo ni la mama, ukisema X ni ya mama.

#51 Tabibu wa Zamu
Nzagamba, kwako hesabu huenda imeshuka kidogo lakini haijafutika. Kaka kuwa na kihatarishi chake binafsi hakuifuti ile "mara nane". Ndugu yako aliugua, wewe umri wako ndio wenyewe. Nenda ushikwe na daktari mara moja, mwambie habari ya kaka, kisha uendelee mwenyewe kila mwezi. Na kaka amweleze daktari wake habari ya kulia, maana hiyo iliyobaki ndiyo ya kuangaliwa.

#52 Nzagamba
Nimempigia hajui. Alikuwa anajua ni ngiri miaka yote hii.

#53 Bint Pangani
Ngiri tena.

#54 Msukule Mstaafu
Nimesoma toka mwanzo. Mimi aliyeugua ni kaka wa baba mmoja mama mbalimbali, 2019, yuko Muscat, kapona. Nagawanya hizo mara nane kwa mbili?

#55 Mwalimu wa Jioni
Mama mbalimbali? X haikuhusu, tumbo halikuhusu. Lala usingizi.

#56 Lab ya Uchochoroni
Asilale, wanachangia robo ya vinasaba. Na Y ya baba ni ile ile, someni post 12.

#57 Msukule Mstaafu
Kwa hiyo nilale au nisilale?